Kombe bila pointi

Mwaka 2022 Wimbledon ilichezwa bila pointi. Waandaaji waliwafungia mlango wachezaji wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine, na vyama vya tenisi vikajibu kwa kufuta pointi za viwango vya ubora. Ungedhani mastaa wangebaki nyumbani kupumzika. Wengi walikuja. Novak Djokovic alinyanyua kombe lake la saba pale, akang'oa majani machache ya uwanja mkuu na kuyatafuna, kama alivyoanza kufanya 2011. Kesho yake aliporomoka kutoka nafasi ya tatu duniani hadi ya saba, maana pointi za mwaka uliotangulia zilikwisha muda. Elena Rybakina, bingwa wa wanawake, alibaki palepale, nafasi ya 23.

Fedha zilikuwepo, tusijidanganye. Lakini Ivan Lendl, tajiri tayari na mwenye mataji makubwa manane, aliiacha French Open ya 1990, aliyokwisha kuitwaa mara tatu, ili awahi kujifua kwenye nyasi kwa ajili ya Wimbledon. Stefan Edberg alimtoa nusu fainali. Wimbledon hakuipata kamwe.