Je, Mzazi Aweza Kumshuhudia Mwanawe?

Mmoja katika ndugu zetu wa Pwani waliohamia Marekani, mama awasomeshaye wanawe nyumbani, ametuletea suala ambalo mwanzo tuliliona dogo, na kila tulipolizungumza katika darasa yetu likazidi ukubwa. Mwanawe wa kwanza amefika umri wa kuingia chuo kikuu. Chuo chataka alama zake za miaka minne ya masomo, na mwenye kuzitoa alama hizo ni mama mwenyewe. Chataka pia waraka wa mshauri wa skuli, kueleza akili ya kijana na mwendo wake. Na mshauri wa skuli ni mama huyo huyo. Basi auliza: je, ni haki mimi kumshuhudia mwanangu, na hali hapana nimpendaye kama yeye?

Kwa kuwa jambo hili ni geni kwa wasomaji wetu walio wengi, yafaa kwanza lielezwe. Kusomesha watoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 ya Marekani, lakini sharti zake hazilingani. Katika New York mzazi hupeleka kwa wakubwa wa elimu mpango wa masomo kila mwaka, na kila robo ya mwaka hupeleka ripoti ya yaliyosomwa. Katika Texas hatakiwi hata kutoa khabari. Mtoto akikaribia miaka 18, yule aliyekuwa chini ya macho ya serikali na yule asiyekuwa, wote wawili hufika mbele ya mlango mmoja. Vyuo zaidi ya 1,000 hupokea maombi kwa fomu moja iitwayo Common Application, na fomu hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtoto wa skuli ya kawaida: yataka orodha ya masomo na alama, yataka maelezo ya skuli yenyewe na jinsi ipimavyo wanafunzi wake, yataka na waraka wa mshauri. Kwa mtoto ambaye skuli yake ni meza ya kulia chakula, yote haya huandikwa na baba au mama. Huwa mzazi aieleza kwa maneno ya kikarani skuli yenye wanafunzi watatu, na wote watatu ni wanawe.

Na kuna lililotuchekesha kidogo. Kijana akipenda kuomba chuo kimoja mapema, kwa ahadi kwamba akikubaliwa ataingia hicho na kuviacha vyengine vyote, ahadi hiyo hutiwa sahihi na watu watatu: kijana, mzazi, na mshauri wa skuli. Makusudio ni kuwa mshauri awe jicho la pili, ahakikishe kwamba watu wa nyumba hiyo wamefahamu wanaloahidi. Kwa mama huyu sahihi ni tatu na mikono ni miwili.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii walilitazama jambo hili zamani, si kwa ajili ya vyuo bali kwa ajili ya mahakama. Kauli yao mashuhuri ni kwamba ushahidi wa mzazi wa kumfaa mwanawe haukubaliwi, wala wa mtoto wa kumfaa mzazi wake. Lakini mzazi akishuhudia juu ya mwanawe, yaani kwa jambo la kumdhuru, ushahidi huo hukubaliwa. Hawakusema kwamba wazee wote ni warongo. Walitazama maumbile ya binadamu: mtoto ni kipande cha mzazi wake, na amshuhudiaye mwanawe ni kama ajishuhudiaye mwenyewe. Mtu mwema kabisa, asiyegusa senti ya mtu, akimtazama mwanawe huona wema ambao jirani hauoni, na aibu ambayo jirani aiona yeye humpita. Ni kweli kwamba fomu ya chuo si mahakama ya kadhi, nasi hatutaki kuharamisha kisichoharamishwa. Chuo chajua kuwa aliyeandika ni mama, na chenyewe ndicho kilichomtaka aandike. Lakini illa waliyoiona mafakihi haikuondoka kwa kuwa kadhi hayupo.

Mtu aweza kusema: kila mzazi humsifu mwanawe, na wasomao maombi walijua hilo zamani, basi hupunguza wenyewe, nisipoongeza mimi, mwanangu atapunguziwa ambacho hakuongezewa. Hoja hii ina werevu ndani yake, na twaona ndiyo iwapotezayo watu wema, kwani haimwiti mtu kwenye uwongo, yamwita kwenye tahadhari. Mwezi wa Machi 2019 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka juu ya watu 50, miongoni mwao wazee wenye mali waliotoa fedha ili wana wao waingizwe vyuoni kwa hila. Hila hizo zilipita katika mitihani na katika michezo, wala hatuwatii wasomeshaji wa nyumbani katika kundi hilo. Twalitaja kwa jambo moja tu. Mcheza filamu Felicity Huffman, aliyekiri kutoa dola 15,000 ili majibu ya mtihani wa binti yake yasahihishwe kwa siri, akahukumiwa kifungo cha siku 14, alimwandikia jaji kueleza jinsi alivyojiaminisha kuwa analolifanya ni kumpa mwanawe nafasi ya haki. Yeye hakuona kuwa yuanunua. Aliona asawazisha mizani.

Huenda msomaji wetu wa Mombasa au Lamu akasema kwamba suala hili halimhusu. Huku Kenya mtihani wa KCSE husahihishwa na watu wasiomjua mtoto wala ukoo wake, kisha KUCCPS huwapanga vijana vyuoni kwa alama zao na kwa machaguo yao, wala hapana mama atakiwaye maoni. Ni kweli. Lakini na atazame barua aliyoiandika kwa kamati ya basari, ameielezaje nyumba yake, kisha aendelee kusoma.

Mwenye kuongeza alama humdhulumu mtu asiyemjua. Nafasi katika vyuo vishindaniwavyo zina idadi; akiingia huyu kwa A isiyokuwa A, kuna mtoto wa mtu aliyeachwa nje, na mama wa mtoto huyo hatajua abadan kilichompita. Huwadhulumu pia wote wasomao nyumbani, kwa kuwa karani aliyekwisha danganywa na mama mmoja huusoma waraka wa mama wa pili kwa jicho baya. Na aliye wa kwanza kulipa ni kijana mwenyewe. Ameandikiwa kwamba hesabu za juu amezimaliza vizuri. Chuo kikamwamini, kikamtia katika darasa lifuatalo. Hapo hapana mama wa kumngoja mpaka afahamu. Na fedha zimekwisha kulipwa, na huenda nyengine ni za mkopo.

Hata hivyo, tulivyoufahamu mwandiko wa mama aliyetuuliza, hofu yetu kwake si hiyo. Hofu yetu ni dhulma ya upande wa pili, ambayo watu wachaji Mungu huingia ndani yake wakidhani wameepukana na shari. Kijana amestahili A, naye mama amwandikia B, asije akaambiwa ampendelea. Amesoma vitabu kumi na viwili vya tarikhi, naye ataja sita, kwa haya. Tumeyaona haya katika vyuo vyetu vya Qurani: mwana wa mwalimu akikosa hupigwa fimbo zaidi ya wenziwe kwa kosa lile lile, ili watu wajue kuwa hapana upendeleo. Watu wakasifu uadilifu wa mwalimu. Sisi twasema kwamba mtoto yule alilipishwa gharama ya sifa ya babake. Kupunguza haki ya mtu ni kupunguza, awe ni mwanao au mwana wa mwenzio, na waraka upunguzao ukweli ni ushahidi wa uwongo kama ule uuongezao. Ajabu ni kwamba huu wa pili hakuna autubiaye.

Basi afanyeje? Jawabu letu ni kwamba asikimbie kushuhudia, kwa kuwa asiposhuhudia yeye hakuna mwengine aliyeiona miaka hiyo minne; bali asiwe shahidi pekee. Na atafute mashahidi wasiomjua. Uko mtihani wa SAT, ambao alama zake ni kutoka 400 hata 1600. Iko mitihani ya Advanced Placement, ya somo moja moja, ambayo hupimwa kwa 1 hata 5, na mtoto asomaye nyumbani aweza kuifanya akipata skuli ya kumkubali siku ya mtihani; hili lataka kuulizwa mapema, kwani si kila skuli hulazimika. Tena ziko koleji za umma za miaka miwili, ambazo katika majimbo mengi hupokea vijana kabla hawajamaliza masomo ya sekondari. Mwalimu wa huko akimpa kijana B katika kemia, B hiyo haikupita katika moyo wa mama. Na kama katika orodha ya nyumbani kemia ni A na ya koleji ni C, basi mama amepata khabari ambayo yamfaa yeye kuliko kimfaavyo chuo.

Tangu mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, vyuo vingi viliacha kulazimisha SAT, na vyuo vikuu vya umma vya California sasa haviitazami kabisa katika kukubali wanafunzi. Wako wazee waliofurahi. Twaona mwenye kusomesha nyumbani hana haja ya kufurahi, kwani ameondolewa shahidi aliye rahisi kumpata. Chuo cha MIT kilipourudisha mtihani mwaka 2022 kilieleza kuwa bila ya alama hizo ni taabu kwake kupima kama mtu yuko tayari kwa hesabu zake, khasa wale ambao hawakupata masomo ya juu katika skuli zao.

Ama waraka wenyewe, autaje vitendo, aache sifa. Akisema "ana bidii", amesema yasemwayo na kila mzazi duniani. Aseme kwamba kijana alikwama katika mlango wa saba wa kitabu cha fizikia kwa wiki tatu, akaurudia kutoka mwanzo bila ya kuamrishwa, na kwamba mlango wa mwisho hawakuufikia. Hilo la mwisho asilifute. Na insha ya kijana, ambayo katika fomu hiyo haizidi maneno 650, aiache mkononi mwa kijana. Kumwonyesha kosa ni kazi ya mwalimu, kumwandikia sentensi ni kazi ya mwizi.

Limebakia jambo ambalo mama hakutuuliza, nalo ndilo zito zaidi katika yote. Mshauri wa skuli ya kawaida akimwambia kijana "chuo kile hakikufai", maneno yake yaweza kuwa ya kosa, lakini yeye hana lake ndani yake. Kijana akienda mbali, mshauri alala usingizi wake. Mama hawezi. Amekaa na mwanawe tangu herufi ya kwanza, wala hakumpeleka kwa mtu. Akiondoka kijana, kuondoka kwake ni kwa mwana na kwa mwanafunzi kwa siku moja. Akisema "chuo kile hakikufai", ni nani awezaye kujua kama amesema mshauri au imesema hofu? Hatumwambii aifiche hofu yake, kwani vijana huinusa. Twamwambia aitenge. Na aseme waziwazi: hili ni shauri langu kwa masomo yako, na hili ni langu mimi, naogopa utakuwa mbali, na utaswali na nani huko. Kijana akiyasikia mawili mbalimbali aweza kuyapima mawili, na huenda la pili akalipa uzito kuliko alivyodhani mama. Yakichanganywa, atayatupa yote pamoja.

Fedha nazo zisemwe mapema. Nyumba ijue kiasi iwezacho kutoa kwa mwaka, na kijana aambiwe idadi hiyo kabla ya kuomba, si mwezi wa Aprili baada ya kukubaliwa na kufurahi. Na ile ahadi ya sahihi tatu, kwa nyumba ihitajiyo kulinganisha misaada ya vyuo kadha wa kadha, twaona ni kheri kuiacha, kwa kuwa aahidiye mapema hujifunga kabla hajajua wengine wangempa nini.

Mwisho, mama ametuuliza neno dogo kuhusu fomu. Humo kijana huulizwa kama aacha haki yake ya kuzisoma nyaraka alizoandikiwa, haki ambayo wanafunzi wa Marekani walipewa kwa sheria ya mwaka 1974. Na walio wengi huiacha, ili chuo kiamini kwamba walioandika waliandika kwa uhuru. Lakini waraka wa nyumba hii uko katika kompyuta ya jikoni. Je, amwonyeshe? Jawabu letu ni kwamba kijana akishatia sahihi, sahihi yake iheshimiwe, na mama aufunge waraka. Ila kabla ya kuufunga, alilomwandikia huko la upungufu wake na awe amekwisha kumwambia kwa ulimi wake, wakiwa wawili. Na la sifa pia, kwani wako watoto wa Pwani waliofika utu uzima na hawajalisikia hilo kwa wazee wao.