Simu Haijui Mtoto Ameuliza Nini

Wanangu wa hapa Mkonze, wasomeeni watoto kitabu badala ya kuwaachia simu. Neno hili nimelisema kikaoni, nimelisema msibani, na nimechoka kulisema. Nalirudia kwa sababu kila jioni bado nawakuta watoto wa miaka miwili wameinamia simu, mama yuko jikoni, baba hajarudi, na hadithi inajisoma yenyewe.

Sikatai simu wala kishikwambi. Kule Tanga, kabla ya mwaka 2019, watoto karibu 3,000 wa vijijini walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili katika shindano la Global Learning XPRIZE. Wengi hawakuwa wakienda shule, na wapo waliojua kusoma kwa njia hiyo. Ni heri kubwa. Lakini wale walikuwa wamefika umri wa shule. Ninyi mnampa simu mtoto ambaye bado anajifunza kusema.

Mwaka huo wa 2019 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, uliowatazama wazazi 37 wakisoma na watoto wao wadogo. Kwenye kitabu cha karatasi, mzazi na mtoto walizungumza zaidi. Kwenye kishikwambi, mazungumzo ya hadithi yalipungua, yakaongezeka maneno ya kifaa chenyewe, kama vile: usibonyeze hapo, toa mkono. Hapa kwetu nayasikia hayohayo.

Mtoto akiona picha ya mbuzi kitabuni, atauliza kama ni yule wa bibi. Hapo unasimama. Unamwambia yule wa bibi ana madoa, na juzi aliingia shambani akala mtama. Anacheka, anataka ukurasa uleule tena, na tena, na kitabu kinawangoja. Simu haingoji: sauti inasonga mbele, picha zinacheza, ujumbe unaingia, na swali la mtoto limepita bila jibu. Maneno anayapata katika kule kusimama, wanangu. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kufunua picha akasimulia kwa Kigogo, na mtoto akashiba.

Shirika la Afya Duniani nalo limesema: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Mtaniambia vitabu ni ghali, na maduka yako mjini. Ni kweli, na inaniuma. Basi itumieni simu hiyohiyo. Hadithi za African Storybook zipo kwa Kiswahili, ni bure, na leseni zake zinaruhusu kuchapa. Pakueni moja, ipelekeni steshenari, mtoe kurasa zake, mzishone kwa uzi. Mtoto akiichana, mtachapa nyingine.

Na asiyeweza hata hilo asione haya. Vitabu vya wajukuu zangu bado ninavyo. Njooni muazime, mkavisome wenyewe na watoto wenu.