Wajibu Kabla ya Kamera

Aghalabu hudhaniwa kuwa wajibu wa mtu apigaye filamu ya maisha halisi ya watu wa nchi nyingine huanza siku kamera ifunguliwapo mbele yao. Fikra hii hupendeza kwa wepesi wake, lakini Bonde la Kilombero laikanusha. Huko sehemu kubwa ya kweli na uongo huwa imekwisha kuamuliwa kabla mgeni hajapanda ndege.

Lichukuliwe jambo la majira. Masika yanyeshapo, mito iteremkayo kutoka milima ya Udzungwa na miinuko ya Mahenge huijaza tambarare, na kati ya Machi na Mei sehemu kubwa ya bonde hugeuka maji. Wakati huo mpunga unakua. Jamaa wengi wamehamia mashambani, wakikaa katika vibanda na madungu ili walinde mazao yao na ndege na nguruwe. Mtumbwi ndio njia. Sasa mtengeneza filamu, akiwa mezani kwake Basel au London, huuliza ni mwezi gani barabara hupitika, hujibiwa kuwa ni Agosti, naye huandika Agosti. Kwa neno hilo moja amekwisha kuyafuta mafuriko, mitumbwi na makesha ya kulinda mpunga. Atawakuta watu wamemaliza kuvuna, wamekaa vivulini wakila haki ya jasho lao, naye atawapiga picha vivulini. Hatakuwa amesema uongo hata mmoja. Lakini mtazamaji wake, ambaye hakuuona mwezi wa Aprili, atarudi nyumbani akiamini kuwa ameona wavivu.

Neno “mbali” nalo lastahili kupimwa. Mtaalamu wa Kiswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikaanzishwa pale maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, yenye jina kila mahali palipo na wachunguzi wa malaria. Reli ya TAZARA hupita hapo tangu miaka ya 1970, na sasa daraja limechukua kazi ya kivuko juu ya Mto Kilombero. Basi umbali huo ni wa nani? Ni uchovu wa msafiri, naye huugeuza kuwa sifa ya mwenyeji. Aliyekwisha kuahidi wafadhili wake kijiji cha mbali hulazimika kuigeuzia reli kisogo cha kamera.

Halafu kuna ruhusa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 humtaka mpiga filamu apate kibali, na kijijini kuna mwenyekiti na mtendaji wa kuonwa. Haya ni ya lazima, wala si ya kudharauliwa. Lakini kibali cha serikali hakimpi mtu ridhaa ya mwenye nyumba. Watu wa Kilombero si wageni wa kuulizwa. Kwa miaka mingi watafiti wamewaeleza shabaha ya uchunguzi kabla ya kuwatoa damu vidoleni. Tone la damu hufichwa nyuma ya nambari. Uso hauna nambari ya kujificha. Mwaka 2012 wafugaji wengi pamoja na mifugo yao waliondolewa bondeni kwa amri ya serikali, na mabishano juu ya mipaka ya hifadhi na mashamba hayakuishia hapo. Mahali kama hapo picha ya zizi, ya wavu au ya kibanda yaweza kuwa ushahidi. Ajuaye hivyo asimwambie mwenyeji, ameipata ridhaa yake kwa wizi.

Yuko atakayesema kuwa tahadhari hizi zitamfunga msanii mikono, na hoja yake ina uzito. Hubert Sauper, katika filamu yake ya mwaka 2004 juu ya sangara wa Mwanza, alionyesha ufukara ambao wenye viwanda wasingependa uonekane, na kama angengoja kila mtu aridhike, huenda filamu isingekuwapo. Lakini Rais Jakaya Kikwete alipoilaani mwaka 2006, filamu ilikuwa imetazamwa Ulaya kwa muda wa miaka miwili. Ubishi ulifika nyumbani ukiwa umechelewa, na wavuvi waliopigwa picha hawakuwa upande wowote wenye sauti kubwa.

Kuuliza si kutii. Jean Rouch, Mfaransa, alipiga filamu ya wawindaji wa viboko katika mto Niger mwaka 1951, kisha akairudisha akawaonyesha wawindaji wenyewe. Hawakulalamika kuwa amewaonyesha wakishindwa na kiboko, ingawa ndivyo ilivyokuwa. Walilalamikia muziki alioutia katika mawindo, maana kiboko husikia, na mwindaji hunyamaza. Rouch akauondoa. Viboko wako Kilombero pia, na wako wavuvi wajuao ni saa ngapi mtumbwi hauna budi kupita kimya. Kwao swali la kwanza la mtengeneza filamu lisingekuwa barabara hupitika lini, bali ni mwezi gani wangependa waonekane. Na wakijibu kuwa ni Aprili, itampasa akodi mtumbwi, aongeze fedha na siku, au aseme waziwazi katika filamu yake kwamba alikuja maji yalipokwisha kuondoka.