Je, Picha Pana Yaweza Kusema Uwongo?

Mtu akisimama juu ya milima iliyo nyuma ya mji wa Uvira na kuelekea mashariki, huona makubwa: kushoto uwanda wa Ruzizi, mbele yake Bujumbura ng'ambo ya maji, kulia Ziwa Tanganyika likienda kusini hata kutoweka machoni. Picha moja ya kawaida haitoshi kuvishika vyote. Kwa hiyo wenye simu za mkononi hupiga picha pana. Huishika simu wima, huigeuza polepole toka kushoto hata kulia. Nayo simu huchukua vipande vingi vyembamba, huvilinganisha na kuviunga, kama fundi aungavyo vitambaa.

Kazi hiyo ni nzuri, lakini ina siri yake. Picha ile haikuchukuliwa kwa mtazamo mmoja. Mtoto apitaye mbio huenda akatokea mara mbili, au bila mguu. Tena njia iliyonyoka, ikipita karibu mbele ya mpiga picha, huonekana imepinda kama upinde.

Basi tuseme majirani wawili wanagombania mashamba, na mpaka wao ni njia iliyonyoka. Mmoja asimama katika shamba lake, apiga picha pana, na kuileta mbele ya wazee. Humo njia yaonekana kupinda na kuingia kwake, kana kwamba jirani ameisogeza kwa jembe. Asema, "Wazee, tazameni wenyewe." Hakuongeza kitu, wala hakufuta kitu. Je, amesema uwongo?

Wengine hujibu: La, simu ndiyo iliyopindisha. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Simu haina nia, wala haiwezi kutenda dhambi. Lakini Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya uwongo alichokiandika karibu na mwaka 395, alifundisha kwamba mwongo hutambulikana kwa nia ya moyo wake. Kwa hiyo mtu asiyejua jinsi picha ipindishavyo amekosea tu. Bali yule ajuaye, akanyamaza ili wazee wadanganyike, huyo ni mwongo kweli, ijapokuwa maneno yake ni machache. Amevunja amri ya nane. Na akilipokea shamba, amevunja ya saba pia.

Wazee nao wafanye nini? Wasikate shauri kwa kutazama picha. Waende shambani, wasimame mwanzo wa njia, waitazame hata mwisho wake, kisha waitembee kwa miguu.

Naye mwenye kuonyesha picha ya namna hiyo aseme waziwazi: "Picha hii imeungwa, njia hii kwa kweli imenyoka." Maneno hayo hayapunguzi uzuri wa ziwa wala wa milima, nayo yaokoa shamba la jirani.