Kujua Kushusha Upinde

Vijana wa hapa Kisangani wanauliza: mtu afanye namna gani apige upinde bila kukosakosa? Wanafikiri jibu liko mkononi tu. Ni kweli, mkono una kazi yake: kuvuta upote mpaka pahali pale pale kila mara, kutumia mishale ya uzito mmoja, kuachilia bila kutikisa. Lakini maneno hayaishi pale.

Fuata barabara ya Bafwasende mpaka Ituri. Kule kuna Waefe, watu wa upinde, wakati jirani zao wengi Wambuti wanawinda kwa nyavu. Upinde wao ni mfupi, na mkiani mwa mshale wanatia kipande cha jani. Silaha ile si ya kupiga mbali. Basi mwindaji anapanda mti wenye kudondosha matunda, ananyamaza, anangojea mboloko aje kula.

Akija, lakini majani yamemfunika nusu, apige ama aache? Wengine watasema: mwenye njaa hachagui. Mimi naona ndiye anapaswa kuchagua zaidi. Nyama yenye kujeruhiwa itakimbia, itakufa mbali kwa maumivu, na watoto watalala njaa vilevile. Na akiisha kupiga, ana deni: kufuata damu mpaka mwisho.

Kwa hiyo, asiyekosa ni yule anayejua mpaka wake. Kijana, kabla ya kujifunza kuvuta, jifunze kushusha upinde.