Mtoto Asiyelia: Nani Aseme Amekufa?

Katika rejista ya wodi ya wazazi kuna maneno mawili yanayoandikwa haraka sana: "amezaliwa mfu". Huwa tunayasoma kama tunavyosoma uzito na jinsia, yaani kama taarifa tu. Mimi naona ni hukumu. Kuna mtu amemtazama mtoto asiyelia, asiyejikunja, akaamua. Swali langu ni hili: kumtazama mtoto huyo vizuri ni ujuzi wa kazi tu, au ni wajibu wa kimaadili?

Tuanze na mambo yenyewe. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, takriban 10 huhitaji msaada ili waanze kupumua. Wengi wao hawahitaji mashine. Mkunga humkausha mtoto, humfunika kitambaa kikavu, humsugua mgongo. Asipopumua bado, humwekea barakoa ndogo usoni na kuminya ambubagi huku akiangalia kama kifua kinapanda. Haya yote yanatakiwa kufanyika ndani ya dakika 1 tangu mtoto atoke. Tatizo ni kwamba mtoto aliyekosa hewa anaweza kulala tuli kabisa, amelegea, ngozi imepauka, ilhali moyo wake bado unapiga polepole. Kwa mkunga aliye peke yake usiku na wazazi watatu, huyo anafanana kabisa na maiti.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya mafunzo ya namna hii katika hospitali 8 za Tanzania. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini namba iliyonikosesha usingizi ni nyingine: waliohesabiwa kuwa wamefariki muda mfupi kabla ya kuzaliwa nao walipungua, kwa asilimia 24. Sasa jamani, maiti haifufuliwi kwa ambubagi. Baadhi ya watoto waliokuwa wakiandikwa wafu, basi, hawakuwa wafu.

Mama yangu mdogo ni mkunga mstaafu. Anasema yeye hakuwahi kushika kalamu kabla ya kushika shina la kitovu kwa vidole viwili, kutafuta mapigo. Nilidhani ni utaratibu tu. Siku hizi naona ni heshima: kutomwita mtu maiti kabla hujamtafuta.

Je, heshima hiyo inafundishika? Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Hapa naomba kuwabishia. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliona kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri kwa mwanasesere, lakini kwa watoto halisi mambo hayakubadilika. Mabadiliko yalikuja baadaye, walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri. Mkono wa mkunga nao hujifunza kwa kurudia, si kwa cheti kilichoning'inizwa ukutani.

Utaniuliza: kwa hiyo lawama zote kwa mkunga? Hapana. Huwezi kumdai mtu asichoweza. Aliyempanga peke yake zamu ya usiku, aliyemwachia barakoa inayovujisha hewa, aliyefuta dakika za mazoezi kwa sababu "hakuna muda", wote hao wameshiriki kuandika yale maneno mawili. Wajibu wa kuona ni wa mkunga. Wajibu wa kumwezesha kuona ni wetu sote.

Wapo watoto ambao kweli wamekwisha kufa, na kujaribu hakuwarudishi. Hata hapo kujaribu si bure. Mama ana haki ya kuambiwa kilichofanyika, dakika kwa dakika, na aliyekifanya.

Misibani tunaambiana kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Siipingi faraja hiyo, imeshawainua wengi. Ninachoomba ni isitangulie kufika chumba cha kuzalia. Kwanza mtoto akaushwe, asuguliwe, apewe hewa, mapigo yatafutwe. Tukishamaliza kazi yetu, ndipo tuizungumzie ya Mungu.