Ukali wa Mbwa ni wa Nani?

Katika viunga vya Dar es Salaam, tangu Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni mpaka Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, si ajabu kukuta langoni kibao chenye maneno mawili tu: "Mbwa kali." Mwanafunzi wa sarufi hukitazama kibao hicho akatikisa kichwa. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na kwa kanuni ya upatanisho wa lugha yetu hustahili kuitwa mkali. Kumwita "kali" ni kumweka katika fungu moja na sindano na pilipili. Kosa ni dogo, na pengine aliyelianzisha hakukijua Kiswahili vema. Walakini limebeba fikira iliyo kubwa kuliko lenyewe, nayo ni kwamba mbwa ni kitu, na ukali wake ni sifa ya kitu hicho kama joto lilivyo sifa ya moto.

Neno hili lina matumizi mengi. Pilipili ni kali, jua ni kali, kisu ni kikali, mwalimu ni mkali. Lakini ukali huo wote si wa asili moja. Ukali wa pilipili hutoka katika mbegu yake, na hapana mtu aliyeutia. Ukali wa kisu hutoka kwa yule aliyekinoa. Basi swali tunalotaka kulichungua hapa ni hili: ukali wa mbwa umo katika fungu gani? Ikiwa ni kama wa pilipili, hapana wa kulaumiwa mtu aumwapo. Ikiwa ni kama wa kisu, yatupasa kumtafuta mnoaji.

Swali si la mchezo. Katika viunga hivyo wapo watu wanaofuga mbwa jike nyumbani na kuuza watoto wake. Nyumba mpya hujengwa mbalimbali, wezi hawakosi, na kila mwenye nyumba hutaka mlinzi. Kwa hiyo mbwa wa Kijerumani na machotara wake hupata wanunuzi, na wapo wazazi wanaolipa karo kwa mauzo hayo. Desturi ya baadhi ya wafugaji ni kuwafungia watoto wa mbwa bandani wasimwone mtu ila mleta chakula, kisha kuwauza wakiwa na wiki 4 au 5, maana kila siku ya ziada ni gharama. Mnunuzi naye hushauriwa amfungie mbwa mchana na kumfungua usiku, asije akazoeana na watu. Na wengine humshauri amtilie pilipili katika chakula. Wote hao hudhani kwamba wanailinda asili ya mbwa. Kumbe wananoa.

Elimu ya jambo hili ilikwisha kupatikana zamani. Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, John Paul Scott na John Fuller waliwachunguza mbwa kwa miaka mingi, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu cha kuufahamu ulimwengu na kufanya urafiki na viumbe wengine. Kipindi hicho huanza yapata wiki ya 3, macho na masikio yakiisha kufunguka, nacho hufifia yapata wiki ya 12. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio ambalo watoto wa mbwa walilelewa ndani ya uzio mrefu mbali na watu. Baadhi yao walitolewa mapema, kila kundi katika umri wake, wakachezewa kwa wiki moja, hao walizoea. Wale walioachwa mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa mwituni, na kuwarudisha kwa watu kulikuwa kazi ngumu. Scott na Fuller hawakukana nguvu ya nasaba, kwani waliona tofauti kubwa baina ya aina na aina ya mbwa. Kwa hiyo jawabu la swali letu halimo katika fungu moja tu: nasaba humpa mbwa chuma, na malezi humtia makali. Na mfugaji anayo mamlaka juu ya yote mawili, maana ndiye achaguaye wazazi, na ndiye aleaye.

Hapo ndipo lilipo shina la hoja. Mbwa akiuzwa katika wiki ya 8, zaidi ya nusu ya kipindi kile imekwisha kupita mikononi mwa mfugaji. Mbwa hakuchagua bandani pa kulelewa. Mnunuzi hakuwapo. Aliyekuwapo, na mwenye hiari, ni mfugaji peke yake. Basi likitokea jambo mwaka wa pili, katika ua wa mtu mwingine, sehemu ya jambo hilo ni tendo lake, ijapokuwa limechelewa kuonekana.

Atasema mtu: mali ikiuzwa, dhima yake huhama pamoja nayo. La, umiliki huhama, lakini utendaji hauhami. Mwashi aliyejenga ukuta kwa mchanga mwingi na saruji haba hasalimiki kwa sababu nyumba imeuzwa mara mbili tangu alipoijenga. Ukuta ukimwangukia mpangaji, watu humtafuta aliyeujenga. Kweli mnunuzi anayemfunga mbwa mnyororo mfupi na kumnyima chakula ana deni lake mwenyewe. Lakini deni lake ni la jengo, na la mfugaji ni la msingi.

Mwingine atasema: mnunuzi anautaka ukali huo, na muuzaji hutoa kinachotakiwa. Hoja hii huchanganya woga na ujasiri. Mbwa aliyelelewa gizani si jasiri. Anaogopa kila kitu, na huuma kwa kuwa hajui. Humwogopa mtoto aliyefuata mpira wake, fundi wa umeme, na bibi aliyekuja kuwatazama wajukuu. Mlinzi asiyeweza kupambanua mgeni na mwizi hamlindi mtu. Ili mbwa alitambue jambo geni, sharti kwanza ayajue mambo ya kawaida.

Hoja iliyo nzito zaidi hutoka kwa jirani. Wengi wa watu wa pwani yetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Jirani huyo ana haki ya kuuliza: "Mnamzoesha mbwa kwa watu gani? Mimi sitaki anikaribie." Nasi hatuna budi kukiri kwamba swali lake linasahihisha vitabu vya ugenini, ambavyo aghalabu humfunza mtoto wa mbwa kumkimbilia kila mgeni kwa furaha. Katika mitaa yetu adabu ya mbwa ni kumwona mtu akipita naye akatulia. Ayazoee mavazi ya kanzu na buibui, sauti ya adhana na ya kengele, bodaboda na bajaji, mkokoteni wa maji, ngoma ya harusi na vishindo vya watoto watokao shule. Ayazoee yote bila kuyaendea. Kwa njia hii mfugaji humlea mbwa kwa ajili ya wale wasiompenda pia. Na jirani huyo hana ugomvi na huruma, maana dini yake yenyewe yasimulia habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Kazi yenyewe si ya fedha nyingi, ila yataka muda na saburi. Tangu wiki ya 3 kila mtoto wa mbwa ashikwe kwa upole dakika chache kila siku, na watu mbalimbali, wakubwa kwa wadogo. Abaki na mama na ndugu zake mpaka wiki ya 8, kwa kuwa katika michezo yao ndimo ajifunzamo kipimo cha kuuma. Hapa pana tatizo la kweli: chanjo za kwanza, pamoja na ile ya ugonjwa wa kuhara damu uitwao parvo, huanza yapata wiki ya 6 hadi ya 8 na hazikamiliki mpaka yapata wiki ya 16, hali mlango wa mazoea umekwisha kufungwa. Suluhisho ni kumbeba mikononi au katika kikapu, auone mtaa bila kukanyaga mahali wapitapo mbwa wasiojulikana. Na kwa kichaa cha mbwa, mfugaji amweleze mnunuzi waziwazi kwamba chanjo yake hutolewa yapata miezi 3.

Yuko asemaye kwamba ni anasa kumfikiria mbwa hali watoto wa watu wana shida. Lakini watoto hao ndio waumwao. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika watu walioambukizwa kichaa cha mbwa hadi 99 kwa mia hukipata kwa mbwa, na kwamba yapata 40 kwa mia ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikiisha kutokea, ni nadra mno mtu kupona.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo ni jambo la kushukuru. Lakini sheria haiwezi kukesha katika kila banda. Yaliyobaki yamo katika dhamiri ya mfugaji. Asiyeweza kuwalea watoto sita kwa wiki nane, asiwazalishe. Anayewalea, amkatalie mnunuzi atafutaye kitu cha kutisha watu, ijapokuwa fedha yake iko mkononi. Na mbwa akishindikana huko aendako, amrudishe kwake. Hasara ya uzao mmoja mwana wa Adamu huweza kuistahimili. Deni la uso wa mtoto uliong'atwa halina malipo.